Maji Yaliyochemshwa Mara Tatu

Mama mkwe wangu alifanya kazi jikoni hospitalini miaka thelathini, na mtaa mzima ulimwita Bi Chemsha. Ukiingia kwake na kiu, utasubiri: hupewi maji mpaka yachemke, yapoe, yachujwe kwa kitambaa cheupe. Watu walimtania, lakini watoto wa mtaani kwetu walikuwa hawaharishi, na hilo alijisifu nalo bila haya.

Maziwa yangu yalipokauka, yeye ndiye aliyeshika kazi ya chupa. Maji ya kisima cha uani, maziwa ya unga, vipimo sawasawa. Mtoto wangu alikuwa na wiki sita. Ya saba ilipoingia, midomo yake ikaanza kugeuka rangi, kama ya mtu aliyekula zambarau. Kucha nazo vilevile.

"Labda baridi," nikasema.

"Baridi gani na jua hili? Ni vijidudu kwenye maji."

Akachemsha mara mbili. Mtoto akazidi kulegea. Akachemsha mara tatu, sufuria ikabaki nusu, na hiyo nusu ndiyo tuliyomkorogea maziwa.

Kesho yake mtoto alishindwa hata kulia. Tulimkimbiza hospitali, wakamwekea oksijeni, wakamdunga dawa kwenye mshipa. Daktari akatuuliza maji tunachota wapi, na karibu na kisima pana nini.

"Bustani yangu ya kabichi," akasema mama mkwe. "Naimwagia mbolea ya dukani, imestawi kwelikweli."

Daktari hakumgombeza. Alieleza kwamba mbolea ikizidi huzama ardhini mpaka kisimani. Kilichomo kinaitwa naitreti, hakina rangi wala harufu. Mtu mzima huenda asihisi kitu, ila damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa.

"Na moto hauiondoi, mama. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Ukizidi kuchemsha, inakolea."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilitamani kumpigia mama mkwe kelele palepale wodini. Kilichonizuia ni kwamba chupa ile hata mimi nilimnywesha.

Mtoto alipona. Tukaanza kuchota maji ya bomba mtaa wa pili. Mama alifanya kazi zote za nyumba, lakini hakumgusa mtoto. Mtoto akilia, mama ananiita mimi. Siku tano nzima.

Siku ya sita nilimkuta mlangoni kwa jirani, ambaye mkwewe alikuwa amejifungua juzi, na kisima chao kiko katikati ya mboga.

"Maji ya kisima msimpe mtoto, hata mkiyachemsha," alikuwa akisema. "Mimi nilimchemshia wangu, nusura nimuue."

Jirani akacheka. "Wewe, Bi Chemsha? Acha utani!"

"Sitanii. Ni mimi."

Jirani akaacha kucheka. Nikasogea, nikamtoa mtoto begani kwangu.

"Mshike, mama. Mikono yangu imechoka."

Haikuwa imechoka hata kidogo. Alimpokea, akamkumbatia, akalia mbele ya watu.