Ujumbe Mmoja kwa Siku

Saa moja asubuhi, karibu na soko la Sosiot, Bilhah Mongina anafunga aproni ya plastiki na kuingia kwenye michai iliyolowa umande. Vidole vinachuma haraka. Macho yanarudi kwenye simu iliyo mfukoni.

Bilhah, 46, ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la wakulima 112 wanaouza majani ya chai katika kituo kimoja. Hapo ndipo wanapojua lori linafika saa ngapi.

Mwaka jana taarifa ya lori ilipotea katikati ya salamu, maombi na vichekesho. Kilo 38 za Bilhah zilikaa mno guniani zikingoja, majani yakaharibika na kuwa mekundu, zikakataliwa kwenye mizani.

"Nilisema imetosha," anakumbuka. "Kila mtu ujumbe mmoja kwa siku. Ukizidisha, natoa wewe wiki nzima."

Kundi likatulia. Majani hayakuharibika tena.

Jirani yake, Chepchirchir, aliwahi kutolewa kwa kutuma pole mara mbili kwa mfiwa. Wiki hiyo alikosa lori siku mbili.

Mwezi Mei, asubuhi moja, Chepchirchir aliandika: "Lori limekwama. Msichume mapema." Huo ulikuwa ujumbe wake wa siku.

Saa nne mumewe, Kimeli, alishikwa na maumivu ya kifua na kuanguka shambani. Chepchirchir aliwapigia simu watu watatu, hakuna aliyepokea. Kwenye kundi hakuandika. Aliogopa kutolewa tena.

Kimeli alifariki kabla ya kufika hospitali.

Ombui, mwanachama mwenye gari ambaye Chepchirchir hakuwa na namba yake, alikuwa nyumbani kwake ng'ambo ya kijito. "Simu nilikuwa nayo mkononi," anasema.

Baada ya mazishi Bilhah alifuta sheria hiyo. Chepchirchir alikuwa ameshaondoka kwenye kundi. Sasa huuliza habari za lori kwa wapita njia.

Jumapili iliyopita Bilhah alikwenda kwake kuomba msamaha.

"Mama Vivian, sijakukasirikia," Chepchirchir alimwambia Bilhah, akimmiminia chai. "Lakini nikirudi, nitaandika nini?"

Chai ilipoa.

Leo Bilhah amebeba namba za simu za wanachama sita wenye magari, ameziandika kwenye karatasi. Anataka kila nyumba iwe nazo ukutani, na ataanza na ya Chepchirchir.

"Nitaenda tena Jumapili, na ile nyingine," anasema, akifuta uso kwa kiganja chenye utomvu wa chai. "Siku atakayorudi, aandike asubuhi, aandike jioni. Hata kama ni kunitukana, nitasoma yote."