Mkanda Mweupe wa Amukoya

Nilitoka Kangemi kwenda Ngara kwa sababu ya neno moja katika karatasi ya mazishi. Mjomba wangu, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameandika kwamba marehemu ndugu yangu Amukoya alikuwa "bingwa wa mkanda mweusi", na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma mbele ya watu. Amukoya hakuwahi kuniambia ana mkanda wowote. Aliniambia tu kwamba kila Jumapili huenda kutupwa sakafuni na Mjapani, nami nikamjibu kwamba wanaume wengine huenda kanisani.

"We soma tu, Mama Sheila," Mjomba alisema. "Nani atauliza?"

"Nitakayesimama ni mimi, Mjomba. Yeye atakuwa amelala."

Saa tatu asubuhi nilishuka mjini, nikatembea hadi Ngara. Ukumbi wao wa mazoezi ulikuwa juu ya duka la jumla la ndoo na mabeseni. Nilitarajia jitu lenye shingo nene. Nikamkuta mzee mfupi amepiga magoti, anapangusa sakafu kwa kitambaa kama mama wa kanisa. Huyo ndiye mwalimu, ambaye wanafunzi humwita sensei.

"Sasa, mama," alisema. "Viatu toa. Hapana kanyaga mkeka yangu."

Kiswahili alikipata kwa wauza ndoo, na hakikuwa kibaya kuliko chetu.

Alinipa chai isiyo na maziwa wala sukari, adhabu ambayo kwao ni ukarimu. Nikamuuliza alijifunzia wapi kupigana. Judo alianza utotoni, akavunjwa bega. Karate ujanani, akavunja mabega ya wengine. Kisha upanga wa mbao, kisha aikido, ambako mwalimu wake alimfanya aanguke mwaka mzima kabla ya kumruhusu kumwangusha mtu. Sasa anazichanganya zote kama mahindi na maharagwe ya githeri. Kenya alikuja kujenga barabara. Barabara ikaharibika, yeye akabaki.

"Ndugu yangu alikuwa na mkanda mweusi?"

"Hapana. Nyeupe. Ya mtu mpya."

"Miaka saba yote?"

"Saba. Kila mwaka mimi naambia yeye, Amu, fanya mtihani. Yeye nasema, mwaka ujao, sensei. Mtu mpya kikuja, iko na woga. Amu nasema, nitupe mimi. Anaanguka, anaamka, anacheka. Mtu akiwacha woga, Amu naenda kwa ingine."

Nikaweka kikombe chini. Mtu aliyejua kuanguka hivyo alikufa kwa nimonia, kitandani, bila kuanguka popote.

Sensei akafungua mkanda wake mweusi, uliochakaa hadi weupe wa ndani ukaonekana, akausukuma mbele yangu.

"Weka juu ya sanduku. Mjomba nafurahi. Mimi hapana sema."

Nakiri niliushika. Nilimwona mama akilini, akiinua kichwa mbele ya majirani. Uzuri wa uongo ni kwamba hukujia umeshapigwa pasi. Lakini nikaurudisha.

"Alikataa mara saba, sensei. Mimi ni nani nimkubalie?"

Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kisha akaangua msumarini mkanda mweupe wa Amukoya, kahawia penye fundo.

"Hapana fua. Hiyo uchafu ni kazi yake."

Saa tisa mchana nilikuwa nyumbani Kangemi, na mama alipouona mkanda akaleta beseni la sabuni. Nilimzuia.

"Utatuaibisha," Mjomba alisema. "Karatasi zishachapishwa."

"Nitasoma kila neno, Mjomba. Nikifika penye mweusi nitasema mweupe."

Ijumaa, uwanja wa kanisa, kabla gari la maiti halijaanza safari ya kumpeleka kijijini kwetu magharibi, nilisoma. Nilipofika hapo nikasema mweupe. Mjomba alikohoa kama mtu aliyemeza mfupa. Ndipo nyuma ya umati, karibu na sensei, wanaume tisa ambao sikuwajua wakapiga magoti matopeni na suti zao, vichwa chini mpaka ardhini. Mchungaji alidhani wamepoteza kitu.

"Hao ni kina nani?" Mjomba akaninong'oneza.

"Watu aliowafundisha kutoogopa," nikamwambia. "Hao ndio wenye mikanda myeusi."