Kapteni Alipaka Rangi Hadi Zinki

Saa moja asubuhi, maji ya bahari yamekupwa, na Kapteni amepiga magoti kwenye mbao za gati akikwangua kome waliong'ang'ania ubavu wa boti yake. Boti haijaenda popote kwa wiki sita. Anaikwangua hivyo hivyo.

"Nikiiacha, itakuwa kama imekufa," anasema.

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili alikuwa akivusha walimu na wagonjwa, watu kama thelathini kwa siku. Kwa miaka kumi na moja, kila jioni yeye na mumewe waliivuta boti kwa tela hadi nyumbani, wakaisuuza kwa maji ya bomba.

Mwaka jana mgongo wa mume ulikataa. Wakauza tela, wakakodi nafasi gatini, boti ikawa inashinda na kulala kwenye chumvi.

Fundi aliwapa masharti mawili: chini ipakwe rangi ya kuzuia kome, na kwenye mguu wa injini, sehemu inayozama majini na kushika pangaboi, kifungwe kipande cha zinki. Chumvi hula zinki kwanza, injini ikapona.

Kapteni alikifunga. Kisha akapaka rangi chini yote, mguu wote, na zinki yenyewe.

"Niliona kipande cha kijivu kimebaki peke yake, kinaharibu sura. Nikakipitishia brashi mara mbili."

Gatini walimsifu. "Shemeji, umeipamba kuliko bibi harusi!" jirani alimtania.

Lakini zinki iliyofunikwa rangi haisaidii kitu. Chumvi ilipenya kwenye mikwaruzo ya mguu, ikautoboa. Fundi alipofungua mafuta ya mguu, yalitoka meupe kama uji: maji yalikuwa yameingia.

"Mama, hapa nani kapaka?"

"Mimi."

Fundi alichukua bisibisi. Alikwangua rangi juu ya zinki. Zinki ilikuwa nzima, kama imetoka dukani jana.

"Hapo ndipo nilipojua kosa ni langu," anasema Kapteni. "Afadhali ingekuwa imeliwa."

Mguu huo hauchomeleki. Mpya ni mapato ya miezi kumi na minne, na mapato yenyewe hayapo.

Mumewe alipoambiwa, aligeukia ukuta. "Pole, mama watoto. Ningekuwa mzima ningekuwepo."

"Angenigombeza ningepata usingizi," anasema mkewe.

Mtu mmoja amekuja mara mbili kutaka kuinunua boti bila injini. Kapteni amemkatalia. Jumatatu anaanza kibarua cha kukwangua boti za wengine, ili alipe kodi ya gati asinyang'anywe nafasi.

"Najipa miezi sita. Nikipata mguu, sawa. Nisipopata, mimi mwenyewe nitampigia simu yule mnunuzi."

Mwalimu mmoja, abiria wake wa zamani, anapita na mkoba.

"Kapteni, lini tena?"

"Bado kidogo, mwalimu."

Mwalimu anapanda boti ya jirani. Kapteni anamtazama hadi anapoketi.

"Mwanzoni alikuwa anasimama ndipo aniulize," anasema. "Siku hizi anauliza huku anatembea."