Biskuti za Mzee Kibogoyo

Biskuti za shayiri za fundi cherehani zilikuwa ngumu kama kokoto, na baba mkwe wake, aliyebakiwa na meno mawili, aliishia kuzilamba tu. Kila fundi alipozitoa zingali laini, wifi yake alizirudisha ndani ya oveni. Leo fundi alichanganya zabibu kavu na karanga zilizopondwa, akazioka, kisha akausimamia mlango wa oveni.

“Wifi, mbichi hizo! Utamuua baba!”

“Zitajikaza zenyewe zikipoa. Ukiugusa mlango huu, tutakosana.”

Akazitoa, akazilinda mpaka zikapoa. Mzee akatafuna moja taratibu, akafumba macho.

“Mwanangu,” akamwambia fundi huku akilivuta sinia, “wifi yako asionjeshwe hata moja.”