Kikombe cha Grisi Sasa Kinapimia Unga

Saa moja asubuhi, meli ya saruji inafungwa kamba gatini. Grisi, baharia wa chumba cha injini, anapanda ngazi mikono ikiwa myeusi hadi kwenye viwiko. Meli itaondoka jioni, na kwake ni hapo juu tu, nyuma ya bandari.

"Leo nalala kwenye kitanda kisichotikisika, hata kama ni mchana," anasema akicheka.

Lakini kuna jambo linalomsumbua. Mkataba wake umekwisha, na kapteni anataka jibu kabla ya kung'oa nanga: asaini tena, au ashuke moja kwa moja. Grisi anataka kushuka. Ana miaka kumi na mmoja baharini, na hapa kisiwani kwao hupita mara moja kwa mwaka.

Nyumbani ananusa mashuka yaliyoanikwa juani. Anaketi kwenye kiti chake cha zamani, kile kinachoegemea upande mmoja, na kufumba macho. Ana raha mpaka anasahau kuvua kofia.

Chai inapoletwa, anatandika kitambaa kilicholowa chini ya kikombe. Ndivyo wafanyavyo mabaharia ili vyombo visiteleze. Binti yake anaangua kicheko.

"Baba, meza yetu haina mawimbi!"

Wote wanacheka. Kisha Grisi anakitazama kikombe. Kina maua. Kimetolewa kabatini, kwenye vyombo vya wageni.

"Mama Watoto, kikombe changu cha bati kiko wapi?"

"Napimia unga," mkewe anajibu. "Kingekaa tu bure?"

Kinaoshwa, analetewa. Anakunywa taratibu, kisha anasema anataka kubaki.

Mkewe hamtazami. "Ubaki ufanye nini, Baba Watoto? Injini ziko wapi hapa? Huyu mtoto amalize shule kwanza. Sisi tumeshazoea."

Neno hilo la mwisho linauma kuliko yote. Grisi anamaliza chai. Mkewe anakifuta kikombe na kukirudisha kwenye gunia la unga.

Kitandani Grisi halali, anasema kimya kimezidi. Jioni anasaini.

"Mtoto akimaliza shule nashuka, wapende wasipende," anasema akiwa ngazini, mgongo ameupa mji. "Siku hiyo watafute kitu kingine cha kupimia unga."