Ndugu wa Mkutanoni

Juzi nilipanga foleni dukani Ikungi tangu alfajiri, mtoto mgongoni anakohoa. Kufika dirishani, muuzaji hata hakuniangalia. "Ndugu, sukari imekwisha." Nyuma yake gunia zima naliona. Nikamuuliza, "Ndugu wa wapi?" Foleni nzima ikacheka. "Mama huyu mkali!" Wacha wacheke. Hawajui swali hilo nimelirithi kwa nani.

Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi kule Mungaa tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Tembe letu lilikuwa na giza la baridi hata jua likiwaka, linanuka moshi na maziwa ya mgando, na nyuma ya ukuta ndama wanacheua mpaka usingizi unakuchukua. Wakaja watu wa serikali wakabomoa paa. Tukapangwa kwenye mstari kama viazi sokoni, malisho yakawa mbali, ng'ombe wakakonda. Mvua nayo ikakata.

Nyumba ya bati ilikuwa moja tu, ya mwenyekiti wa kijiji. Kila mkutano alianza hivyo hivyo: "Ndugu zangu! Siku hizi hakuna mkubwa wala mdogo, sote ni ndugu." Bibi yangu Kiswahili alikiokoteza tu. Akaniuliza kwa Kinyaturu, "Amesema ndugu? Una hakika?" Nikamwambia ndiyo. Akaridhika kabisa, maskini. Kwetu ndugu haombi chakula. Anaingia, anakaa jikoni karibu na mafiga, na mwenye nyumba mwenyewe anaelewa.

Mwaka huo mama alijifungua mdogo wangu wa kiume. Alikuwa akila mlenda mtupu, bila ugali, maziwa yakakauka. Mtoto akalia mpaka sauti ikawa kama ya paka. Mahindi ya shamba la ujamaa, tuliyolima sisi wenyewe, yamefungiwa ghalani, eti yanasubiri kibali. Bibi akachukua kibuyu chake, akanishika mkono. "Twende kwa ndugu yetu."

Tukaingia jikoni kwa mwenyekiti. Bibi akaketi karibu na mafiga, kibuyu mapajani, akanyamaza kwa adabu. Chungu cha wali kilikuwa kinachemka, samli inanukia mpaka mate yalinijaa. Mke wa mwenyekiti, umri wa binti yake bibi, hata shikamoo hakutoa.

"Ndugu, umepotea njia?"

"Nimekuja kwa ndugu zangu," bibi akasema. "Kuna mtoto mchanga nyumbani."

Yule mama akacheka, akawaita na wenzake waje kusikia. "Bibi wee! Huo undugu ni wa mkutanoni. Hapa ni jikoni kwangu."

Tukatoka. Kibuyu kitupu. Njia nzima wali ulikuwa bado unaninukia puani, naona aibu kuutamani.

Mdogo wangu hakufika mavuno. Tulimzika pembeni mwa shamba la ujamaa. Tangu siku hiyo, mtu akimwita bibi ndugu, hata awe mgeni kutoka mkoani, alimkazia macho: "Wa wapi? Wa jikoni au wa mkutanoni?" Watu walidhani uzee.

Bibi hayupo tena. Tembe ni kichuguu cha udongo. Shamba lile limerudi pori, na kaburi limo humo humo, nimelitafuta sikulipata. Nyumba ya bati ipo. Nilipopita mara ya mwisho walikuwa wanaipaka rangi.