Maji ya Kiyoyozi kwa Ndege ya Baba

Niliajiriwa Doha kuendesha gari, na gari ndilo nililoendesha, lakini kazi niliyoipenda ilikuwa ndani ya banda la shamba la mwajiri wangu, huko Umm Salal. Humo mzee alikuwa anaunda ndege. Ndege kweli, ya viti viwili, iliyomfikia vipande vipande ndani ya makasha, na injini ameitoa kwenye gari. Alikuwa mhandisi mstaafu, Mqatari mpole mwenye goti bovu, na sisi wafanyakazi wa nyumba tulimwita Baba. Alipojua kwamba kwetu Mumias nilikuwa fundi wa injini, alianza kunikabidhi spana kila alasiri.

Mimi nami nilikuwa na haja yangu. Karakana moja ya Abu Hamour ilikuwa tayari kunichukua niwe fundi tena, nitoke kwenye maisha ya kusubiri watu nje ya maduka. Siku hizo hukuweza kuhama bila mwajiri wako kukuandikia barua ya ruhusa. Nikamwomba Baba. "Ndege ikiruka," alisema, "nitasaini siku hiyohiyo. Kabla ya hapo nitampata wapi fundi mwingine?" Basi ile ndege ikawa yangu kuliko ilivyokuwa yake.

Tatizo lilikuwa joto. Kiangazi cha Doha hakina adabu. Injini ikikamuliwa hadi mwisho inameza hewa iliyokwisha kuwa moto, petroli inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na unasikia chuma kikigonga: ko, ko, ko. Iache igonge hivyo kwa muda na pistoni itatoboka. Baba alijifungia na vitabu vyake wiki nzima, akatoka na dawa: maji. Tangi dogo, pampu ya kurushia maji kioo cha gari, na kinyunyizio cha shaba chenye tundu jembamba kama la sindano, cha kupuliza ukungu wa maji kwenye njia ya hewa. Maji yanageuka mvuke, yanaondoka na joto, injini inatulia. Nilimcheka moyoni. Maisha yangu yote nilikuwa nikizuia maji yasiingie kwenye injini, leo naambiwa niyafungulie njia.

Lakini ilibidi yawe maji yasiyo na chumvi hata chembe, na hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Kila dereva wa Doha anajua kwamba maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi ni safi kama ya mvua. Ndiyo tunayotia kwenye betri. Nikaweka mtungi chini ya mrija wa kiyoyozi cha banda, na hewa ya mwezi wa nane ilivyojaa unyevu, mtungi ulijaa kabla ya jua kuzama. Baba alinipiga begani. "Wewe ni mhandisi," alisema, nami nikavimba kichwa siku mbili.

Siku ya kujaribu tuliifunga ndege kwa mnyororo nyuma ya pikapu. Baba akaikamua injini hadi mwisho, nayo ikaanza kugonga. Akabonyeza swichi ya maji. Kugonga kule kukakoma hapohapo, ukabaki mngurumo tu, laini, wa injini iliyoshiba. Baba alishuka akanikumbatia na grisi zangu zote. Jioni ile akairekebisha itoe nguvu zaidi, nguvu ambayo bila maji isingeistahimili hata kidogo. Ijumaa iliyofuata angeruka. Nikawapigia watu wa Abu Hamour nikawaambia waniwekee nafasi.

Jumapili adhuhuri, mlinzi wa shamba, Mganda niliyezoea kuswali naye, alifungua bomba tutawadhe, akaruka nyuma. Maji ya bomba yalitoka kisimani yakakaa kwenye tangi juu ya paa, na saa hizo ungeweza kuyatilia majani ya chai.

"Ah, hii itatoa mimi ngozi," alisema. "Ile ya mtungi ni baridi. Tutumie hiyo."

Tukayatumia yote. Yalikuwa baridi, yanaburudisha uso, na sikuona ubaya, kwani mtungi ungejaa tena. Kisha nikafanya nililofundishwa na mama tangu utotoni: kwetu huachi chombo cha maji kitupu. Ukimaliza, unajaza, ili ajaye nyuma yako asikukumbuke kwa ubaya. Mkono ukaupeleka mtungi bombani wenyewe, ukaujaza, ukaurudisha chini ya mrija. Akili ilikuwa imeshatangulia kwenye swala. Alasiri nikampeleka mke wa Baba sokoni, na nyuma yangu Baba akajaza tangi la ndege kwa maji ya mtungi ule.

Aliijaribu pampu kidogo, ukungu ukatoka, akaridhika. Kisha ikaja dhoruba ya vumbi, siku nne banda limefungwa, ndani moto kama tanuri. Maji yaliyobaki kwenye kinyunyizio yakakauka.

Ijumaa ilipambazuka shwari. Baba akapanda peke yake, kwenye njia ya changarawe nyuma ya shamba, nami nikasimama na mlinzi nikisoma kila dua niliyoijua. Ndege ikakimbia. Taa ya pampu iliwaka, kwa hiyo Baba aliamini maji yanaingia. Nikasikia ko, ko, ko, kisha kishindo, na moshi. Ilisimama bila kuinua gurudumu hata moja. Hakuumia. Alibaki amekaa mle ndani, mikono mapajani, mpaka nikaenda kumfungulia mlango.

Tulipofungua injini, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Baba aliishika akaigeuza, akaigeuza. Mimi nikafungua kinyunyizio. Tundu lilikuwa limezibwa na kitu cheupe. Nikakiweka ulimini: chumvi, chumvi ya kisima. Palepale niliuona mtungi, na bomba, na mkono wangu.

"Umeona nini?" aliuliza Baba.

"Mafi, Baba. Hakuna kitu."

Nikakitia kinyunyizio mfukoni.

Mlinzi ndiye pekee niliyemwambia. "Sema kwa mzee," alisema. "Hata mimi nilioga hayo maji. Twende wawili."

"Nikisema, ile barua imekufa."

"Kwani sasa iko hai?"

Nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa sahihi. Sikwenda.

Baba alirudia hesabu zake wiki tatu akitafuta kosa, na asingeliona, kwa kuwa halikuwemo humo. Nilikuwa nikimpelekea kahawa na kuona makaratasi yakiongezeka mezani. Mwisho akaniita, akasema kwamba wazo zima lilikuwa bovu, kwamba yeye ni mzee aliyejidanganya, khalas. Mabawa akayagawa. Injini akaniambia niipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nikiwa njiani, injini ikigongagonga nyuma ya pikapu, ndipo nilipofikiri jambo ambalo mtoto angelifikiri siku ya kwanza. Pistoni mpya ingefungwa kwa siku chache. Kinyunyizio kingezibuliwa kwa sindano. Ningesema neno moja tu, Baba angegomba, kisha angejaza tangi maji safi na kuruka, na barua angeisaini. Niliogopa kuipoteza barua, na woga huohuo ndio ulioichana. Mbele yangu palikuwa na mzunguko wa barabara, mahali pazuri pa kugeuzia gari. Sikugeuza. Nilijionea aibu mno, na nikaendelea.

Abu Hamour walimchukua mtu mwingine.

Jioni ya siku ile ya vyuma chakavu nilimpeleka Baba hospitali kwa ajili ya goti lake. Alikaa kiti cha mbele kama kawaida yake. Tulipofika kwenye taa nyekundu akanigeukia.

"Wewe ni fundi," alisema. "Niambie kweli. Yale maji yalikuwa upumbavu?"

"Ndiyo, Baba," nikasema.